Sahani ya mgeni

Wasomaji wetu wengi wanazijua nyumba ndogo za chakula zilizo kando ya njia katika miji yetu. Kinshasa huitwa malewa, na jina hilo limefika hata Lubumbashi na Kolwezi. Hazina kibao mlangoni, wala hazikihitaji: moshi wa makala na harufu ya sombe vyatosha kumwongoza mwenye njaa. Ndani utakuta meza moja ndefu ya mbao, mabenchi mawili, beseni na birika la maji ya kunawa, na mama mmoja asimamaye karibu na sufuria kubwa, mwiko mkononi. Mwenye kuingia huwasalimu wote walioko, nao humjibu na kumsogelea nafasi. Hakuna aulizwaye kabila lake wala kazi yake. Mpagazi hukaa ubavuni mwa karani, na mwanafunzi ubavuni mwa dereva wa lori aliyefika usiku kutoka Kasumbalesa.

Juzi tulikwenda kula katika nyumba moja ya namna hiyo mjini Lubumbashi, nyumba ambayo tumeijua kwa miaka mingi. Tulikuta benchi moja tu. Mahali pa benchi la pili palikuwa na meza ndogo, na juu yake vyombo vyeupe vya plastiki vyenye vifuniko, vimepangwa kama matofali. Nje vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja. Simu ya mama ililia kila mara. Kila ilipolia aliitazama, akapakua bukari, akapakua samaki na majani, akafunika, akampa kijana mmoja, na kijana akaondoka mbio. Kwa muda wa saa moja tuliyokaa tulihesabu vyombo zaidi ya thelathini vilivyotoka mlangoni. Watu walioketi wakala pamoja nasi walikuwa wanne.

Chakula kilikuwa kizuri kama zamani. Hata hivyo, tulitoka tumeshiba huku tukiwa na neno moyoni, na neno hilo ndilo tunalotaka kuwaeleza leo.

Kwanza tuseme haki. Mama yule alitusimulia kazi yake mpya kwa furaha, wala hatukuona la kumlaumu. Alianza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Tarehe 19 Machi ya mwaka ule serikali ilifunga nyumba zote za chakula na za vinywaji katika nchi nzima, na hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 22 Julai. Miezi minne, wasomaji wapenzi! Mwenye duka aweza kuweka chumvi na sabuni yake akingoja siku njema. Mwenye kuuza chakula kilichopikwa angoje nini? Basi mama akawaambia wateja wake waagize kwa simu, naye akampa mwana wa dada yake kazi ya kupeleka. Ugonjwa ulipopungua, wateja hawakurudi kwenye benchi. Walikuwa wamekwisha kuzoea.

Tena alituonyesha faida mbili alizozipata. Faida ya kwanza ni ya fedha. Zamani, alisema, nusu ya taabu yake ilikuwa kutafuta noti ndogo za kurudishia watu, na kugombana juu ya noti zilizochakaa, kwa maana kila mtu katika nchi yetu ajua kwamba dola yenye kipande kidogo kilichopasuka haipokewi na mtu. Siku hizi analipwa kwa simu kabla chakula hakijatoka jikoni. Desturi ya kutuma fedha kwa simu ilianza kuenea Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2012, na leo hata muuza nyanya anaifahamu. Faida ya pili ni hesabu. Zamani alipika kwa kubahatisha. Mvua ikinyesha adhuhuri, watu hawakuja, na chakula kikaharibika. Sasa kabla ya saa tano anajua watakuwa watu wangapi, naye anapika kwa kadiri yao. Tukikumbuka bei ya gunia la makala, na jinsi miti ya miombo iliyouzunguka mji ilivyokatwa hata wachoma makala hulazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, twawezaje kumwambia apike kingi kuliko kinachohitajiwa?

Lakini tulimwuliza swali moja. "Mama, na akiingia mtu ambaye hakupiga simu?"

Alicheka kidogo, akatujibu. Jibu lake tutalileta mbele, kwa maana yafaa kwanza tueleze sababu ya kuuliza.

Wazee wetu hawakupika kwa kuhesabu vichwa. Mama alitia unga sufurini kwa mkono, si kwa kipimo, na mkono ule ulijua kwamba njia haikosi mtu. Katika miaka ya 1930 mwanamke mmoja Mwingereza, mtaalamu wa desturi za watu, jina lake Audrey Richards, alikaa na Wabemba, majirani wa Katanga, ambao wengi wao walikuja kufanya kazi katika migodi yetu. Kitabu chake juu ya chakula chao kilitoka mwaka 1939. Aliona kwamba mtu aliyetafuna mahindi ya kuchoma siku nzima aliweza kusema kwamba hajala kitu, kwa sababu hakupata ubwali, nao ndio chakula ambacho sisi mjini twakiita bukari. Kula kwao hakukuwa kujaza tumbo tu. Kulikuwa kuketi penye chungu kimoja na watu fulani. Wanaume walikula pamoja katika kibanda cha mazungumzo, insaka, na vyakula vilitoka katika nyumba mbalimbali. Mtu akipita aliitwa.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi. Katika vijiji vingi waliotangulia kunawa mikono walikuwa wanaume, na firigisi ya kuku haikufika kwa mwanamke. Watoto walipata kilichobaki, na katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Atakayetuambia kwamba mlo wa zamani ulikuwa wa haki kwa wote tutamwomba aende kuwauliza mabibi. Lakini neno moja halikanushwi: chungu kilipikwa na sehemu ya mtu asiyejulikana ndani yake.

Kisha ukaja mji, pamoja na king'ora. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ndio Lubumbashi, mwaka 1910. Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa mkataba wa muda mfupi bila wake zao. Tangu miaka ya 1920 kampuni iliona heri wakae na jamaa zao, wakajengewa kambi. Hapo chakula kilianza kuhesabiwa. Kila juma familia ilipewa posho: unga kiasi hiki kwa mwanamume, kiasi hiki kwa mke wake, kiasi hiki kwa kila mtoto aliyeandikwa. Mjomba aliyefika kutoka kijijini na furushi lake begani hakuwa katika hesabu ile. Alikula, ndiyo, kwa maana mama alijua kuunyosha unga. Lakini kila tonge alilolishika lilikuwa limetoka katika kipimo cha mtoto, na watu wote wa nyumba walijua hivyo. Tangu siku zile mgeni alianza kuwa deni.

Na tuungame jambo moja. Magazeti ya misheni ya zamani yaliwafundisha kina mama wa kambi kupamba meza, kutandika kitambaa, kumketisha baba na mama na watoto wao pamoja, kila mmoja na sahani yake. Fundisho hilo lilikuwa jema, kwa kuwa liliwaleta mke na watoto mezani kwa mara ya kwanza. Lakini picha zile zilionyesha viti kwa idadi ya watu wa nyumba, wala hatukumbuki picha yenye kiti cha ziada.

Mambo ya migodi yalipoharibika, hesabu nayo iliharibika. Mnamo 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma, na gunia la unga la kila mwezi likawa hadithi. Ndipo kina mama walipotoka mbele ya nyumba zao na sufuria na mbabula, wakaanza kuuza chakula kwa wapitao. Kwa hiyo nyumba za mabenchi, ambazo tumezisifu mwanzoni mwa makala hii, si urithi wa mababu. Zimezaliwa na shida, na umri wake si mkubwa. Huko Kinshasa watu walifika mahali pa kuchukua neno la mambo ya umeme, delestaji, kukatiwa mtaa mmoja ili mwingine upate, wakalitumia kwa chakula: leo wanakula watoto, kesho wakubwa. Hakuna aliyetunga neno lile kwa mzaha tu.

Hata katika njaa ile, benchi lilikuwa na desturi zake. Mtu aliyekuja na fedha ya nusu sahani alipewa nusu sahani, na jirani aliyemwona alimsogezea mchuzi. Mama aliandika madeni ukutani kwa makala. Asiye na kitu aliketi kwa kisingizio cha maji ya kunywa, na mara nyingi hakuondoka na maji matupu. Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu ya jambo moja dogo: watu walionana wakila.

Msomaji ataweza kusema: "Ninyi mwaogopa mashine tu." Sivyo. Tena historia ya mashine katika nyumba za chakula ina mfano mmoja ambao ulitushangaza tulipousoma. Mwaka 1902, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, watu wawili, Joseph Horn na Frank Hardart, walifungua nyumba ya chakula isiyo na wahudumu. Ukuta mzima ulikuwa na vijilango vidogo vya kioo, na nyuma ya kila kimoja sahani: huku maharagwe, huku mkate wenye nyama, huku andazi la matunda. Mtu alitia sarafu ya senti 5 katika tundu, akazungusha kifundo, mlango ukafunguka, akachukua chakula chake bila kusema neno na mtu. Nyuma ya ukuta wafanyakazi walijaza tena kila nafasi iliyobaki tupu. Mwaka 1912 walifungua nyumba ya kwanza New York, na baadaye zikawa nyingi. Ungedhani huo ndio mwisho wa kula pamoja!

Ikawa kinyume chake. Kikombe cha kahawa katika nyumba zile kilibaki kwa senti 5 tangu 1912 hata 1950, na mwenye kikombe aliweza kukaa mezani bila kufukuzwa. Meza hazikuwa za mtu mmoja. Aliyekuja alikaa palipo na nafasi, tajiri na maskini, Mmarekani na mhamiaji aliyefika jana kwa meli asiyejua hata Kiingereza cha kuagizia mkate. Katika miaka ya 1930, shida ilipoenea na kazi zikakosekana, wengi wasio na kitu waliingia, wakachukua maji ya moto ya bure, wakayachanganya na mchuzi wa nyanya uliokuwa mezani, wakanywa kama supu. Mashine ilichukua kazi ya mhudumu, lakini iliacha meza na viti mahali pake. Nyumba ya mwisho ilifungwa New York mwaka 1991.

Mashine za leo ni za namna nyingine. Katika miji kama London na Dubai kumejengwa majiko yasiyo na meza hata moja. Hakuna mlango wa mteja. Kuna wapishi, kuna dirisha, na nje ya dirisha vijana wa kupeleka. Jiko moja laweza kuwa na majina matano ya mikahawa, na mwenye kula hajui kwamba pilau yake na kuku wa jirani vimetoka katika moto mmoja. Afrika nayo imejaribiwa. Jumia, kampuni iliyopeleka chakula katika miji mingi ya bara letu, iliiacha kazi hiyo Rwanda mwanzoni mwa 2020, na mwishoni mwa 2023 ikaiacha pia Kenya, Uganda, Nigeria na nchi nyingine, ikisema kwamba haina faida ya kutosha. Asifurahi mtu upesi. Kampuni yaweza kuondoka na desturi ikabaki. Mama yetu wa Lubumbashi hana kampuni yoyote. Ana simu, ana ujumbe wa WhatsApp, ana mwana wa dada yake na rafiki zake wawili. Hayo yanatosha.

Na mwisho wa njia hiyo ni wapi? Huko Marekani, ambako mambo haya yametangulia, wataalamu wameuliza watu walikula na nani. Taarifa ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 inasema kwamba mwaka 2023 karibu Mmarekani mmoja katika wanne alikuwa amekula milo yake yote ya siku iliyotangulia peke yake, na kwamba idadi hiyo ilikuwa imezidi kwa asilimia 53 tangu 2003. Si wajane na wazee tu. Ongezeko ni kubwa zaidi kwa vijana. Tulipoisoma taarifa hiyo mmoja wetu alisema, "Hao wana chakula tele." Ndiyo, wanacho.

Sisi hatujafika huko, na pengine umaskini wetu unatulinda kidogo: ambaye hana umeme nyumbani hawezi kupasha moto sahani moja moja kwa saa aipendayo, makala huwashwa mara moja, na wote hula. Lakini tazameni nyumba zenu za mjini wakati wa jioni. Baba amekula kazini, chakula kilicholetwa na pikipiki. Kijana anataka sahani yake chumbani, kwa kuwa anatazama mchezo wa mpira katika simu. Mtoto wa miaka mitatu halishwi mpaka awekewe picha zinazocheza, na mama anamtia tonge kinywani naye hajui kama ni samaki au ni majani. Mama mwenyewe anakula mwisho, amesimama. Chakula ni kile kile, unga ni ule ule. (Tena simu hizo zote, hapa petu na Marekani, zina betri zenye kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika udongo wa Kolwezi na kandokando yake. Tumelitoa jiwe chini ya miguu yetu, limezunguka dunia, limerudi kuketi mezani mahali pa mtoto.)

Zamani palikuwa na desturi nzuri katika nyumba nyingi: chakula cha asiyekuwepo hufunikwa. Unaona sahani juu ya meza, na juu yake sahani nyingine imegeuzwa, nawe wajua kwamba mtu wa nyumba hii yuko njiani. Siku hizi mtu aliye njiani huandika, "Msiniwekee, nitaagiza." Maneno mawili ya adabu, wala hayana ubaya ndani yake. Lakini sahani iliyofunikwa ilikuwa na kazi ya pili. Mwenyewe asipotokea, na mtu mwingine akabisha hodi, kilikuwapo kitu.

Wako wanaotumia mashine bila kuipoteza sahani hiyo. Huko Amritsar, nchini India, katika hekalu kuu la Masingasinga, watu makumi elfu hulishwa bure kila siku, mchana na usiku. Desturi hiyo ni ya tangu Guru Nanak, aliyekufa mwaka 1539. Wote huketi chini kwa mistari, waziri na mchunga mbuzi, wala mgeni haulizwi dini yake. Na chapati zao? Siku za watu wengi hutengenezwa kwa mashine, maelfu kwa saa, kwa maana mikono peke yake haitoshi. Mashine ile imewekwa pale ili asikosekane hata asiyetazamiwa.

Hatukwenda mbali hivyo kwa kupenda safari. Jambo hili kwetu si la adabu ya mezani tu, na watu wa Kivu wanalijua kuliko sisi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na siku tano baadaye wenye mamlaka waliamuru sehemu kubwa ya Goma iondoke. Watu laki kadhaa walishika njia kwa saa chache tu, wengine kwa miguu kuelekea Sake na Minova, wengine kwa mashua hadi Bukavu, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Wengi walilala mashuleni na makanisani. Wengi wengine walilala katika nyumba za watu, za ndugu zao na za wasio ndugu zao, wakala walichokula wenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa tangu vita vya 1996 pia: katika mashariki ya nchi yetu, wengi wa waliokimbia hawakwenda kambini bali walipokewa na familia. Malori ya msaada huja baada ya siku nyingi, yakija. Usiku wa kwanza mtu hulishwa na sufuria ya nyumba aliyoigonga. Na sufuria iliyopikwa kwa hesabu ya simu ingempa nini?

Sasa turudi kwa mama wa Lubumbashi na jibu lake. Tulimwuliza: akiingia mtu asiyepiga simu?

"Namwambia aketi," alisema. "Halafu napunguza kidogo kwa wale wa simu. Kipande kimoja hapa, tonge moja pale. Wao hawaoni, nao hawatakufa. Huyu ameketi mbele yangu, baba zangu. Nitamfanyaje?"

Tulipokuwa tukirudi, neno hilo lilitugawanya. Mmoja wetu alisema kwamba huo ni wizi, hata kama ni mdogo: mwenye kulipa amelipa sahani nzima, na huruma isiyotoka mfukoni mwako si huruma. Mwingine akajibu kwamba mezani mambo yalikuwa hivyo sikuzote, mgeni akija wote walipunguziwa, wala hakuna aliyeitwa mwizi. Wale wa simu ni watu wa meza ile ile, ila wamejificha. "Lakini mezani waliona," akasema wa kwanza, "wakakubali, au hata wakanuna, lakini waliona. Hawa hawakuulizwa." Tulifika ofisini bado tukibishana, na hata leo hatujapatana.

Wiki iliyofuata mmoja wetu alipita pale tena. Mama alikuwa amepata malalamiko: mteja wa simu alikuwa amempelekea picha ya chombo chake, na samaki ndani yake alikuwa kweli mdogo. Alimrudishia fedha yake yote. Kisha akatengeneza maandishi, kwa msaada wa yule mwana wa dada yake, na sasa kila anayeagiza huyapokea kabla ya kulipa. Yanasema bei, yanasema chakula cha siku, na chini yake yameongezwa maneno haya: kwamba ukitaka, ongeza kidogo kwa ajili ya atakayeingia. Wengine huongeza, wengi hawaongezi. Siku ile mama alikuwa amepata ya sahani mbili.

Wa kwanza alikwisha kula. Sahani ya pili ilikuwa juu ya meza ndefu, penye benchi lililobaki, imefunikwa kwa sahani nyingine. Ilikuwa saa nane, na vijana wa pikipiki walikuwa wameanza kwenda zao.